Visiwa vingi, jibu moja: somo yulu ya algoritimu za jeni

Mu somo hili tunataka kueleza namna moja ya kutafuta jibu ambayo leo inatumika mu ma-ordinateri mengi yaliyounganishwa pamoja. Musiogope jina lake. Kazi yenyewe inaweza kufanywa mu kalasi na karatasi, kalamu na makuta moja ya kurusha, hata siku umeme wa SNEL umekatika. Sisi wa kilabu ya hesabu tuliifanya na karatasi, njo maana tunaandika hivi na si vile vitabu vinaandika.

Tuanze na hesabu ya muchuuzi. Muchuuzi mumoja anatoka Lubumbashi kwenda Kipushi na kinga yake. Kinga inabeba kilo 60, si zaidi. Ikizidi, inavunjika njiani na faida inakuwa sifuri. Mu nyumba yake iko na mizigo nane, na kila muzigo unabebwa muzima ao unaachwa. Hakuna kufungua gunia na kutoa nusu. Faida tunaihesabu kwa mamia ya franka (bei tumezitunga sisi, musiende kuziuliza ku soko):

Maharagi: kilo 20, faida 45
Sukari: kilo 20, faida 43
Karanga: kilo 20, faida 44
Samaki ya kukauka: kilo 30, faida 68
Bunga: kilo 10, faida 15
Sabuni: kilo 10, faida 13
Chumvi: kilo 10, faida 12
Mafuta: kilo 25, faida 50

Achukue nini? Mutu wa akili atasema: tuanze na kile kinacholeta faida kubwa kwa kila kilo. Basi anachukua samaki (inapita yote kwa kilo), kisha maharagi, halafu nafasi inabaki ya kilo 10 tu, anatia bunga. Jumla kilo 60 sawasawa, faida 128. Anafurahi, anaondoka. Lakini amekosa. Kama angeacha samaki ku nyumba na kubeba maharagi, sukari na karanga, ni kilo 60 vilevile, na faida ni 132. Franka 400 zimebaki kwa sababu alianza vizuri kupita kiasi.

Angalieni vizuri hapa, kwa sababu ugumu wote wa somo uko pale. Toka ku 128 kwenda ku 132 hakuna njia ya kupanda kidogo kidogo. Ukitoa samaki tu, unashuka. Ukitoa bunga na kutia sabuni, unashuka. Ni lazima utoe samaki na bunga, utie sukari na karanga, vitu vine kwa mara moja. Mutu mwenye kubadilisha kimoja kimoja atakaa ku 128 mpaka uzee wake, na ataapa kwamba hakuna jibu ingine.

Na mizigo nane ni kidogo: kuna namna 256 za kuchagua, kalasi moja inaweza kuzihesabu zote kwa asubuhi moja. Mizigo 20 inaleta namna 1,048,576. Mizigo 40 inapita bilioni elfu moja. Kila muzigo unaoongezwa unazidisha kazi mara mbili, na shirika la reli ao la umeme halihesabu mizigo 40, linahesabu maelfu.

Mu mwaka 1975 John Holland, mwalimu wa Universite ya Michigan ku Marekani, alitoa kitabu yulu ya namna viumbe vinajipatanisha na mahali vinaishi, na namna mashini inaweza kuiga ile. Wazo lake: usitafute na jibu moja, tafuta na kundi la majibu, uyaache yazae. Tuonyeshe na mizigo yetu.

Kila namna ya kubeba tunaiandika kwa mustari wa alama nane, 1 kwa muzigo unaobebwa, 0 kwa ule unaoachwa, tukifuata ile orodha ya hapo juu. Muchuuzi wetu wa 128 anaandikwa 10011000, maana yake maharagi, samaki, bunga. Jibu la 132 ni 11100000. Twaa karatasi 40, tia mustari mumoja ku kila karatasi bila kuchagua, kwa kurusha makuta. Hiyo ni kizazi cha kwanza. Kisha unafanya mambo matatu, na unayarudilia.

La kwanza ni kuchagua. Chota karatasi mbili bila kuangalia, linganisha faida, ile yenye faida kubwa inaandikwa tena mu kizazi kinachofuata. Rudilia mpaka ufikishe 40.

La pili ni kukata na kuunga. Karatasi mbili zinakuwa wazazi: tunakata mistari yao mahali pamoja, mutoto anapata kipande cha huyu na kipande cha yule.

La tatu ni kugeuza: mara moja moja, alama moja inageuka bila sababu, 0 inakuwa 1 ao 1 inakuwa 0. Kazi ya kugeuza ni kurudisha kile kilichopotea. Kama mu karatasi zote 40 hakuna hata moja yenye sukari, kukata na kuunga hakutaleta sukari milele. Kugeuza tu njo kunaweza.

Sasa, mu kundi moja kubwa kunapita nini? Ile karatasi ya 128 inatokea mapema, kwa sababu si ngumu kuipata. Kila inapochotwa inashinda. Mu kila kizazi hesabu yake inakaribia kuongezeka mara mbili: moja, mbili, ine, saba... Tulifanya hesabu: mu kundi la karatasi 40, kama tunachagua tu bila kuunga wala kugeuza, vizazi nane hivi vinatosha 128 ijae kundi lote. Nyuma ya pale, mukikata na kuunga wazazi wawili walio sawa, mutoto ni yuleyule. Kundi limekutana. Lakini limekutana ku jibu lisilo la kwanza.

Tunapashwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, hata mu vitabu. Neno “kukutana” liko na maana mbili. Kuna kundi kukutana, ni kusema karatasi zote zimefanana. Na kuna jibu kufika, ni kusema lililo bora limepatikana. La kwanza linapita kila mara, ni suala la muda tu. La pili si lazima. Mutu akikuambia “programu yangu imekutana”, umuulize: imekutana na nini?

Mu 1994 Mudachi mumoja, Günter Rudolph, alitoa uhakikisho wa hesabu yulu ya jambo hili. Alionyesha kwamba ile njia ya asili, yenye kuchagua, kuunga na kugeuza, haina ahadi ya kukaa ku jibu bora hata ukiipa muda wote, kwa sababu inaweza kulipata leo na kulipoteza kesho. Lakini ukiweka sheria moja, kwamba karatasi bora iliyoonekana inatunzwa siku zote, na kugeuza kusikome hata siku moja, basi jibu bora litafikiwa na litabaki. Uhakikisho ni muzuri, tunaukubali. Lakini hausemi ni siku gani. Mu mufano wetu, kama kila alama iko na bahati moja mu nane ya kugeuka, kutoka ku 10011000 kwenda 11100000 kwa kugeuza peke yake kunaomba karibu majaribio 7,000. Kwa ordinateri hiyo ni mambo ya sekunde. Na mizigo 60, na alama kumi na mbili za kugeuza pamoja, mutangoja sana.

Njo hapa visiwa vinaingia.

Mbele ya ma-ordinateri, kulikuwa Mumarekani mumoja wa elimu ya uzazi wa viumbe, Sewall Wright. Mu maandiko yake ya 1931 na ya miaka iliyofuata alieleza kwamba kundi la viumbe likigawanyika mu vikundi vidogo vinavyokaa mbali, kila kikundi kinafuata njia yake, na mara kwa mara wasafiri wanapita toka kimoja kwenda kingine. Alifanya pia hesabu inayoshangaza: msafiri mumoja hivi kwa kila kizazi anatosha kuzuia visiwa visiachane kabisa, hata visiwa vikiwa vikubwa.

Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kuona jambo hili. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometre zaidi ya 600 na kina cha metre karibu 1,470, liko na samaki wa jamaa moja, jamaa ya tilapia, wa aina zaidi ya 200, na karibu wote hawaonekani mahali pengine mu dunia. Kati yao kuna wale wadogo wa mawe, elimu inawaita Tropheus. Wanakula majani madogo yanayoota ku mawe, na hawapendi kupita ku muchanga wazi wala ku mulango wa muto. Basi toka Uvira mpaka Kalemie, Moba na kuendelea ku Zambia, kila kipande cha mawe ni kisiwa chao, hata kama maji ni moja. Matokeo: ku kipande kimoja wako wekundu, ku kingine manjano, ku kingine weusi wenye mukanda. Rangi zaidi ya mia zimehesabiwa. Na maji ya ziwa hayakukaa pahali pamoja. Mu nyakati za kale yalishuka mamia ya metre, vipande vya mawe vikahama, vilivyotengana vikaungana, vilivyoungana vikatengana, na samaki wakachanganyika tena. Kutengana, kuchanganyika, kutengana: fundi wa ordinateri akisikia ile habari anacheka, kwa sababu njo programu yake.

Basi turudie karatasi zetu, tuzigawanye. Meza ine, karatasi kumi ku kila meza. Kila meza inafanya kazi yake peke yake, na kila vizazi vitano inapeleka nakala ya karatasi yake bora ku meza ya kuume. Meza ya ine inapeleka ku ya kwanza, ni muzunguko. Ile 128 ikitokea ku meza ya kwanza, inaijaza haraka, kwa vizazi sita hivi. Lakini meza ya pili inaipokea ku kizazi cha tano, ya tatu ku cha kumi, ya ine ku cha kumi na tano. Meza zote ine zinajaa karibu na kizazi cha ishirini, na mu kundi moja zilikuwa nane. Kumbe tumechelewesha kukutana! Ndiyo, na njo faida yenyewe. Mu vizazi ile kumi na mbili za kuongezeka, meza za mbali zinaendelea kujaribu njia zao.

Angalieni kile kilichopita kwetu. Meza ya kwanza ilikuwa na 10011000, faida 128, na wenyewe walijivuna. Meza ya tatu ilikuwa na 01100110, ni kusema sukari, karanga, sabuni na chumvi, faida 112. Walichekwa. Mu kundi moja kubwa, ile 112 ingekufa mapema mbele ya 128. Lakini kwa sababu ilikaa mbali, ilikuwa hai siku 128 ilipofika ku meza yao. Wakakata mahali pawili, nyuma ya alama ya kwanza na nyuma ya alama ya tano. Mutoto alitwaa alama ya kwanza toka ku 128, alama ine za katikati toka ku 112, na tatu za mwisho toka ku 128 tena. Fanyeni wenyewe mu karatasi: 1, kisha 1100, kisha 000. Ni 11100000. Ni 132. Kipande kilichokosekana kwa tajiri kilikuwa mu mufuko wa maskini.

Tuseme ukweli, mahali pa kukata palikuwa bahati, na sisi tulipanga orodha ya mizigo namna sukari na karanga zinakaa jirani. Kama zingekaa ku ncha mbili za mustari, kukata mara moja tu kungezitenganisha kila mara. Mupangilio wa alama ni kazi kubwa mu njia hii, na watu wengi wanausahau.

Wasafiri wangapi, na nyuma ya vizazi vingapi? Mu 1985 Paul Grosso, vilevile ku Michigan, alijaribu hii mu ordinateri na vikundi vitano. Aliona kwamba vikundi vidogo vinapanda haraka kuliko kundi moja kubwa, lakini vikifungwa kabisa, kupanda kunasimama chini ya pale kundi kubwa linafika. Akiwaruhusu wasafiri kwa kiasi cha katikati, vikundi vinafika ku majibu sawa na ya kundi kubwa. Na mu 1987 Reiko Tanese, wa universite ileile, aliweka visiwa ku mashini yenye vichwa 64 vya kuhesabu, kila kichwa kisiwa chake. Toka pale njia ilienea. Hakuna namba moja inayofaa kwa kazi zote: wasafiri wachache sana, visiwa vinakwama kila kimoja pahali pake, wasafiri wengi sana, muko na kundi moja tu lililovaa nguo ya visiwa, na mumelipa bei ya kutuma barua bure.

Bei ya kutuma barua! Hapa wengi wanaanguka. Wanawaza: mashini kumi zinafanya kazi mara kumi haraka, mashini mia mara mia. Tuhesabu. Tuseme kuna namna ingine, bila visiwa: mukubwa mumoja anatunza kundi lote la karatasi 100, na anapeleka karatasi kwa watumishi ili wahesabu faida. Kila hesabu inaomba sekunde moja, na kuongea na kila mutumishi kunaomba mukubwa sekunde moja. Peke yake, mukubwa anamaliza mu sekunde 100. Na watumishi 4, sekunde 25 za hesabu na 4 za kuongea: 29. Na watumishi 10: 10 na 10, ni 20. Na watumishi 20: 5 na 20, ni 25. Na watumishi 50: 52. Na watumishi 100: 101! Watumishi mia wamemukawiza kuliko kama angefanya peke yake. Hesabu ya watumishi inayofaa inapatikana kwa mizizi ya pili: zidisha karatasi kwa muda wa hesabu moja, gawanya kwa muda wa kuongea mara moja, toa mizizi. Hapa mizizi ya 100 ni 10. Erick Cantú-Paz aliandika kitabu kizima yulu ya hesabu za namna hii mu mwaka 2000.

Visiwa vinaongea kidogo tu, karatasi moja kila vizazi vitano, njo maana vinafaa pale mashini ziko mbali na waya wa kuunganisha ni mudogo. Na kuna jambo ingine ambalo sisi watu wa Lubumbashi tunalielewa bila kufundishwa: umeme ukikatika mu mutaa mumoja. Mu namna ya mukubwa na watumishi, mukubwa akizimika kazi yote imekufa. Mu visiwa, kisiwa kimoja kikizimika, vingine havijui hata kama kimezimika. Wanakosa tu wasafiri wa upande ule. Na hata kile kilichozimika, karatasi yake bora ya jana inaishi bado kwa jirani.

Ila muangalie kusubiriana. Kama sheria inasema “hakuna meza inayoanza kizazi cha sita mpaka barua za wote zifike”, basi mashini ya zamani moja inawatesa wote, sawa kipofu anayeongoza mustari. Dawa ni kuacha kusubiri: barua inatiwa ku sanduku, mwenye kisiwa anaifungua akifika ku kizazi chake, na kama hakuna barua anaendelea. Kazi inaenda haraka. Lakini mu hii kuna bei: leo barua inafika mbele, kesho nyuma, na mukianza tena na karatasi zilezile za kwanza hamutapata safari ileile. Mutu anayetafuta kosa mu programu yake atatoka machozi.

Tunafika ku jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote. Visiwa vyote ine vimeleta jibu moja. Je, tuamini?

Fikirini wanafunzi wane mu mutihani wa hesabu, wote wameandika 132. Kama walikaa mbali, kila mumoja na akili yake, mwalimu anasema: wane wamekubaliana, inaonekana ni kweli. Kama walipitishiana karatasi chini ya meza, yuko shahidi mumoja tu, wengine ni kivuli. Vilevile na visiwa. Vikiwa vilipelekeana wasafiri, kukubaliana kwao hakuonyeshi kitu, kwa sababu kazi ya wasafiri ni kuwafananisha. Visiwa vyetu vingeweza kukubaliana yulu ya 128 kwa sauti moja. Ukitaka ushahidi, unapashwa kufanya kazi mara ya pili na ya tatu toka mwanzo, na karatasi mpya, bila barua kati ya mara ya kwanza na ya pili.

Samaki wanatusaidia tena. Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi hayaunganiki. Lakini mu kila ziwa kuna samaki wa mawe mwenye mistari mirefu ku mbavu, kuna muwindaji murefu wa maji ya wazi, kuna mwenye nundu ku kichwa, na mwenye midomo minene ya kunyonya kati ya mawe. Ukiwaweka pamoja ku meza, utasema ni ndugu wa tumbo moja. Mu 1993 Thomas Kocher na wenzake waliangalia jeni zao. Wakakuta kwamba wale wa Malawi ni ndugu kati yao wenyewe, na si ndugu wa karibu wa wale wanaofanana nao mu Tanganyika. Kila ziwa lilifika ku umbo lile peke yake. Hapo hakuna barua iliyopita chini ya meza, na tunaweza kusema: umbo lile linatokana na kazi yenyewe, na mawe na maji, si na bahati ya ziwa moja.

Neno moja bado, yulu ya kutunza tofauti, kwa sababu visiwa si dawa ya peke yake. Mu Tanganyika kuna samaki mwingine, Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Mudomo wake umepinda: wengine upande wa kuume, wengine wa kushoto, na kila mumoja anashambulia ubavu unaomufaa. Mujapani Michio Hori aliwafuata miaka mingi, na mu 1993 alieleza: wenye kupinda kuume wakizidi, samaki wanaowindwa wanalinda ubavu ule, basi wale wa kushoto wanapata kula zaidi na wanaongezeka, wakizidi wao, mambo yanageuka. Hesabu inacheza karibu na nusu kwa nusu, hakuna upande unaomaliza mwingine. Mafundi wa ordinateri wako na sheria ya namna ileile: karatasi zinazofanana sana zinagawana faida yao. Ile 128 ikiwa peke yake inahesabiwa 128, zikiwa ishirini kila moja inahesabiwa kidogo sana, na 112 iliyo peke yake inapata nafasi ya kuishi. David Goldberg na Jon Richardson waliitoa mu 1987. Inaweza kutumika ndani ya kisiwa kimoja, pamoja na visiwa vingi.

Na kazi hii yote imeleta nini mu dunia? Mufano mumoja: mu 2006 shirika la NASA la Marekani lilirusha vyombo vidogo vitatu, mupango ulioitwa ST5, na antena yao ilikuwa imetafutwa na algoritimu ya namna hii. Ni waya mudogo uliopindwapindwa, unafanana na kibaniko cha karatasi kilichochezewa na mutoto. Hakuna fundi angeuchora hivyo. Ulifanya kazi.

Kwa wale wanaotaka kujaribu mu kalasi zao: karatasi 40, meza ine, makuta moja kwa kila meza, na mutu mumoja wa kupitisha barua. Muandike ku ubao faida bora ya kila meza mu kila kizazi. Halafu mujibu haya:

1. Fanyeni mara moja bila barua, mara moja na barua kila vizazi vitano, mara moja na barua ku kila kizazi. Meza zote zilikutana ku kizazi gani kila mara, na ku faida gani?

2. Muchuuzi amepata kinga ya nguvu inayobeba kilo 70. Jibu bora linageuka? Anzeni na karatasi za mwisho za kilo 60, kisha anzeni na karatasi mpya, na muangalie ni wapi munafika mbele.

3. Kila karatasi inaomba sekunde 4 kuhesabiwa, kuongea na mutumishi kunaomba sekunde 1, na karatasi ni 100. Watumishi wangapi wanafaa, na kazi inamalizika mu sekunde ngapi? (Mukipata 20 na 40, muko mu njia.)